Bomba Lilipoishia

Sogezeni viti karibu, wanangu, kwa kuwa sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaweza kuyarudia. Noella, iache simu yako hapo juu ya blanketi iendelee kurekodi. Nimeomba mwenyewe irekodi, akili yangu ikiwa timamu, na dawa ya maumivu nimeikataa tangu asubuhi ili kesho mtu asije akasema ni dawa iliyozungumza. Mimi ni Armand Lachance, nina miaka themanini na minne, nimekuwa mwenyekiti wa chama katika kaunti hii kwa miaka thelathini na moja, na daktari ameniambia nisipange lolote la wiki ijayo. Hilo tusilirudie.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni yenu wawili, na kama mtaiuza, uzeni kwa mtu atakayewasha jiko la kuni, maana bomba lake la moshi likikaa msimu mmoja bila moto hupasuka. Bunduki ya babu yenu ni ya Gerard. Gari la kusukuma theluji ni la Noella, kwa sababu ndiye anayetoka alfajiri kwenda kuliwasha basi la shule, na kwa sababu Gerard hajawahi kuliendesha bila kugonga ukuta wa ghala. Rozari ya mama yenu nizikwe nayo. Lile shamba la nyuma, ekari arobaini, nitalisema mwishoni, maana lina kazi yake.

Sasa nije kwa lililonifanya niwaite mchana huu, theluji ikiyeyuka hivi na barabara zikiwa tope tupu.

Alhamisi kamati inakutana. Preston Hale alifariki Januari akiwa bado mbunge wetu huko Washington, kiti kiko wazi, na gavana ametangaza uchaguzi mdogo. Mnajua utaratibu wetu: katika uchaguzi wa namna hii wanachama hawapigi kura kumtafuta mgombea, ila kamati za kaunti zote kumi na moja huketi pamoja katika ukumbi wa zimamoto, wakala kuku wa kuchoma na pai ya tufaha, wakafunga mlango, wakachagua. Kila mwenyekiti ana kura yenye uzito wa watu wa kaunti yake, na kaunti yetu ndiyo nzito kupita zote. Atakayeishika kura yangu Alhamisi atakuwa ameshika karibu theluthi ya ukumbi.

Gerard, mwanangu, unakitaka kiti hicho. Hujanificha, wala sikulaumu. Umeuongoza mji huu miaka tisa, barabara zako zinapitika, watu wanakupenda, na wewe huwasalimia hata wale wasiokupigia kura. Wenyeviti wa kaunti nne wameshanipigia simu kuniuliza kama ni wewe, nami nikawaambia wasubiri. Jana uliketi hapohapo ulipoketi sasa, nikakuuliza swali lile ambalo nimewauliza wagombea wote kwa miaka thelathini na moja, ukanijibu bila kupepesa jicho. Usiku wote sikulala. Haikuwa maumivu. Lilikuwa jibu lako.

Nisikilizeni niwaeleze swali lenyewe, maana Noella hajawahi kuingia katika chumba kile tunamowahoji wagombea.

Mtu akija kwetu kutaka kugombea, tulikuwa tunamtazama kwanza viatu. Msicheke. Anayekuja na viatu vipya ana haraka, na anayekuja na viatu vya zamani visivyosafishwa anatudai heshima kabla ya kutupa yake. Kisha tulimtazama anavyokula, kama anakula huku anasikiliza au anasubiri mwenzake ameze ili aanze yeye. Tulitazama kama anakumbuka jina la mpishi. Tulimuuliza ana marafiki wangapi wa kumsaidia, mke wake anasemaje, anaweza kugonga milango mia mbili wakati wa baridi bila kuugua. Sioni aibu kwa maswali hayo. Chama kinachotafuta mgombea hakiwezi kujifanya hakitafuti mtu wa kushinda, na nimewaona watu wema sana wakishindwa vibaya, na waliotegemea ushindi wao wakabaki na baridi yao.

Lakini la mwisho, kahawa ikiwa imeshapoa, nilikuwa naweka kalamu chini na kuuliza: Je, kuna kitu ambacho wenzetu wa upande wa pili watakipata?

Hilo ndilo swali. Tulijiona wajanja kwa swali hilo. Vyama vyote huuliza hivyo, nami niliuliza hivyohivyo, na ilinichukua miaka mingi kuona kwamba swali lenyewe lilikuwa limemwambia mtu: hatujali ulichofanya, tunajali tu kama umekificha vizuri. Tulikuwa tunapima ustadi wa kuficha, kisha tukashangaa tulipopata watu wanaojua kuficha.

Miaka ishirini na sita iliyopita walibaki wawili katika chumba kile. Mmoja alikuwa Preston, wakili, mrefu, mwenye sauti ya kumfanya kila mtu ajione amezungumziwa peke yake. Alikuwa amefanya kazi za kisheria za kiwanda cha karatasi, kile ambacho nusu ya mji ilipata riziki kwacho. Mwingine alikuwa mwanamke mmoja, Wilma Petrie, mkaguzi wa maji wa kaunti, ambaye alikuja na viatu vya mvua kwa sababu alikuwa ametoka kwenye visima vya watu.

Nilimuuliza Preston swali la mwisho. Akatabasamu, akasema, "Hakuna watakachokipata." Tukaandika.

Nikamuuliza Wilma. Akavitazama viatu vyake vya mvua. Kisha akasema, "Ndiyo, kipo. Hakuna atakayekipata, kwa sababu ninayekijua ni mimi peke yangu, ila mmeniuliza."

Akatueleza. Januari moja theluji ilikuwa imefunga njia, binti yake mdogo ana homa, na yeye alitakiwa kupima visima tisa vya barabara hii, barabara yetu, ya Carver. Hakutoka. Akanakili tarakimu za mwaka uliopita, akaweka sahihi kwamba amepima. Theluji ilipoyeyuka dhamiri ikamsumbua, akaja akapima kweli, na katika visima viwili vya mwisho akakuta kitu asichokifahamu. Akawaandikia wakubwa zake, wakamwambia asubiri, na alikuwa bado anasubiri. Akasema, "Mkinichagua, kitu cha kwanza nitakachokwenda kukiuliza huko Washington ni hicho. Msiponichagua nitakiuliza hapahapa."

Clyde Burdo, yule muuza matairi, Mungu amrehemu, akacheka akasema, "Dada, hapa tunatafuta mbunge. Anayetaka kuungama, padri yuko ng'ambo ya barabara." Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka. Wilma hakukasirika. Alivaa koti lake, akamshukuru mpishi kwa jina, akaondoka.

Tulisikia sehemu ya kwanza ya maneno yake, ya pili hatukuisikia. Tulichokiona ni mtu ambaye angetuangusha kwa mdomo wake mwenyewe. Hatukuona kwamba mbele yetu ameketi mtu pekee katika kaunti nzima aliyekosea, akagundua, akarudi.

Ningekuwa nimeishia hapo, ningekufa kama mzee aliyechagua vibaya, na wazee wa namna hiyo wako wengi. Sikuishia hapo. Katika chumba kile tuna sheria moja, kwamba kilichosemwa ndani hakitoki. Wilma alikuwa na marafiki, na kulikuwa na uvumi kwamba anaweza kusimama mwenyewe bila chama na kumpunguzia Preston kura. Jumatatu nikampigia simu meneja wa kaunti, nikamwambia mkaguzi wake aliweka sahihi ya uongo. Siku nne baadaye alikuwa hana kazi. Na angalieni, wanangu, kilichotokea: zile barua zake kuhusu visima viwili nazo zikatupwa, kwa sababu nani ataamini barua ya visima ya mtu aliyefukuzwa kwa kudanganya kuhusu visima? Nilidhani ninamwondoa mgombea. Nilikuwa nimeliondoa swali.

Alihamia mbali, akafanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli. Alikufa miaka minane iliyopita. Nilituma maua bila jina.

Nipe maji kidogo, Noella. Ya bomba, ndiyo. Hayohayo.

Asante.

Hayo maji, mnakumbuka yalivyokuja? Tulikuwa tunakunywa ya kisima kama wenzetu wote wa Carver. Preston alipokuwa ametimiza mwaka mmoja Washington, alikuja hapa Jumapili moja, mama yenu akiwa kanisani. Alikaa jikoni bila kuvua koti. Akanipa bahasha ya kahawia, akasema, "Armand, msinywe tena maji ya kisima." Ndani mlikuwa na vipimo ambavyo kiwanda chenyewe kilifanya kwa siri, pamoja na ramani ya barabara yetu na orodha ya majina ya wenye visima. Mnakumbuka lile tope la kiwanda lililokuwa linagawiwa bure kwa wakulima, wakalimwaga mashambani kama mbolea, na watu wakashukuru? Lilikuwa limeshuka chini mpaka kwenye maji ya visima. Preston alikuwa na karatasi hizo tangu alipokuwa wakili wao. Siku ile aliponijibu kwamba hakuna watakachokipata, zilikuwa kwenye droo nyumbani kwake.

Sikumfukuza. Sikumuuliza amewezaje kulala. Nilimuuliza tunafanya nini kuhusu nyumba hii.

Na yeye, sitaki mumwone kama shetani. Alikuwa analia. Alituletea hospitali baadaye, akaleta daraja, akawatafutia pensheni watu wa kiwanda kilipofungwa, na nadhani kila kitu kizuri alichokifanya alikifanya akikimbia bahasha ile. Lakini mtu anayekimbia hawezi kusimama mahali pamoja kutazama. Kiwanda kilipokuwa kinahitaji kitu kutoka kwake, kilimkumbusha tu. Mimi nilipohitaji kitu kutoka kwake, sikuhitaji hata kumkumbusha. Chama chetu kilimpenda kwa sababu hiyo. Tulisema ni mtu anayeelewana na watu.

Kiangazi kile mtaro ukachimbwa kutoka mjini. Fedha zilitoka Washington kwa jina la jambo lingine. Bomba likaja kando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, likafika hapa, likaishia kwenye sanduku letu la barua. Baada ya sanduku letu zinafuata nyumba mbili. Moja sasa ni magofu. Ya pili ni ya Floyd Rushlow.

Mama yenu alisimama pale barabarani na aproni yake, akitazama wale vijana wanaufukia mtaro. Akaniuliza, "Armand, mbona limeishia hapa?" Nikamwambia bajeti ya mji imeishia hapa. Akanitazama. Lorraine alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka ukatamani akutukane. Jumamosi iliyofuata akajaza madumu manne ya maji kwenye sinki, akayapeleka kwa Bernice, mke wa Floyd, akamwambia chai inanoga zaidi kwa maji ya mjini. Akafanya hivyo kila Jumamosi miaka kumi na mmoja, mpaka mgongo ulipomzuia, kisha akafa. Hakuniuliza tena. Nyinyi mlidhani ni ukarimu wa mama yenu. Ilikuwa adhabu yangu, na niliitazama ikipita dirishani kila Jumamosi, nisimsaidie hata kubeba dumu moja, kwa kuwa kubeba kungekuwa kukiri.

Bernice alikufa kwa figo akiwa na miaka hamsini na mbili. Duane, mtoto wao, Noella, wewe ndiye uliyempakia kwenye basi siku yake ya kwanza ya shule akiwa amelala begani mwako. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Sisemi ni maji. Daktari wake hasemi ni maji, na mimi si daktari. Nasema tu kwamba walikunywa, nami nilijua.

Kaa, binti yangu. Najua unataka kutoka. Nimekuona unashika kiti. Utatoka, na utanichukia kwa muda unaotosha, lakini kaa mpaka nimalize, kwa sababu sehemu ya kaka yako bado.

Miaka miwili iliyopita nilianguka nikavunjika nyonga. Gerard akaja kupanga mambo yangu, akalipa bili, akapanga droo za meza yangu. Niliporudi kutoka hospitali niliifungua droo ya chini nikakuta imepangwa vizuri sana, na bahasha haimo. Hukuniuliza, mwanangu. Nami sikukuuliza. Jumapili ile tulikula nyama ya kuoka pamoja, ukanipitishia chumvi, ukaniambia msimu wa mawindo unakuja vizuri. Toka siku hiyo tumekaa meza moja Jumapili labda mia moja, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua.

Jana nikakuuliza, kuna kitu watakipata? Ukasema, "Hakuna watakachokipata, Papa." Kwa sauti ya Preston. Sisemi unafanana naye. Nasema nilifumba macho nikaisikia sauti yake jikoni kwangu.

Nikakuambia uniletee bahasha leo. Umeileta. Hiyo hapo magotini mwako. Nilivyokuona unaingia ukitazama jiko la kuni kabla hujanitazama mimi, nikajua umedhani nimekuita tuichome.

Sema. Nakupa ruhusa, sema.

Nimekusikia. Unasema, "Nilikuwa nakulinda wewe, Papa." Ni kweli. Naamini ni kweli kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko huu uvimbe. Hukufanya kwa tamaa. Ulifanya kwa mapenzi, kama mimi nilivyofanya kwa mapenzi nilipomwomba Preston bomba. Nilimpenda mama yenu, niliwapenda nyinyi, nikapenda hadi kwenye sanduku la barua. Nyinyi wawili mtakutana na watu wabaya wachache sana katika siasa, niaminini, nimewatafuta. Wengi mtakaokutana nao ni watu wenye mapenzi yanayoishia mahali fulani, na kazi ya chama, kama chama kina kazi yoyote zaidi ya kushinda, ni kujua yanaishia wapi kabla hakijampa mtu kiti.

Lakini Gerard, figo za Duane zilikufa vuli iliyopita. Katika miaka hiyo miwili bahasha ilikuwa ofisini kwako, na yeye alikuwa anakunywa. Mimi nina miaka ishirini na mitano ya namna hiyo, wewe una miwili. Yangu siwezi kuirudisha. Yako bado ni michache kiasi cha kusemeka.

Sasa nisikilizeni vizuri, nguvu zinapungua.

Karatasi ya kumkabidhi mtu kura yangu nimeshaiweka sahihi, shahidi ni yule muuguzi wa asubuhi. Gerard, ulidhani ni yako. Ni ya Noella. Yeye ni mjumbe wa kamati kwa kata yake, sheria inaruhusu. Utasema dada yako hajui siasa. Amewabeba watoto wa barabara hii miaka thelathini, na hajawahi kuwasha basi kabla ya kuhesabu vichwa. Hilo linanitosha.

Noella, Alhamisi watakuja watu watano au sita kutaka kiti. Watazame viatu ukipenda. Waulize kama wanaweza kushinda, usione haya. Lakini lile swali langu la mwisho lizikwe na mimi. Wewe muulize kila mmoja hivi: ni nani aliyeumia kwa sababu yako, na ulipojua, ulifanya nini? Kisha nyamaza. Usimsaidie. Kimya kitakuwa kirefu, na kina Burdo wa siku hizi watachekesha ili kukivunja, usiwaruhusu. Atakayesema hakuna, usimpe kura hata kama ni mtakatifu, maana ama anadanganya ama hajawahi kugeuka nyuma kutazama. Atakayesema yupo, akamtaja kwa jina, huyo msikilize mpaka mwisho. Sisi wetu tulimsikiliza nusu.

Usidhani nakupa kipimo kisichokosea. Kuna watu watajifunza kuungama kwa ufundi, na watatoa machozi. Ndiyo maana nikasema, ulipojua ulifanya nini. Wilma alivaa viatu vya mvua akarudi kwenye visima. Tafuta viatu hivyo.

Gerard. Sikukatazi. Nenda Alhamisi kama unataka, ingia wa kwanza, dada yako akuulize kama wengine. Noella, usiicheze rekodi hii kabla kaka yako hajajibu. Mpe nafasi niliyojinyima mwenyewe. Akijibu yeye, rekodi ifanyieni mtakavyo. Asipojibu, icheze yote, na kura yangu mpe mwingine. Na ukishasema, mwanangu, huenda wakakucheka, huenda ukapoteza hata ofisi ya mji, na wale wenyeviti wanne hawatakupigia simu tena. Utarudi nyumbani ukiwa huna kitu, na nyumbani hapo utaweza kula. Mimi nilikuwa na kila kitu, na chakula nimekimeza tu, kila siku, miaka ishirini na mitano.

Lile shamba la nyuma liuzwe. Lote. Bomba liendelee kutoka kwenye sanduku letu mpaka ndani ya jiko la Floyd, na kitakachobaki kiwe cha Duane, wala msikiite msaada. Msimwombe Floyd anisamehe. Msimwambie nilikuwa mgonjwa, wala nilikuwa nataka kusema siku nyingi. Sikuwa nataka. Nimeanza kutaka jana.

Na aambiwe yeye kwanza, kabla ya kamati, kabla ya mtu wa gazeti. Leo. Muende wote wawili, kwa miguu, ni hatua mia mbili, mpite pale bomba lilipoishia. Mkifika msiketi mpaka awaambie mketi. Kama hatawaambia, semeni mkiwa mmesimama.

Nifunike miguu.

Sina baraka kubwa za kuwapa, wanangu. Nilizokuwa nazo nimezitumia kwa watu wa Washington. Mungu awape... awape usingizi. Nawaombea hilo tu. Noella, mapenzi yako yasiishie mlangoni pako. Gerard, usidhani una muda. Mimi sikukosa moyo, nilidhani nina muda. Mama yenu awaombee, yeye alibeba.

Noella, kavae koti, umsubiri kaka yako hapo nje. Simu iache.

Gerard, wewe baki kidogo. Jiko liache, halihitaji kuni. Ifungue hiyo bahasha. Ukurasa wa pili, ile orodha ya wenye visima... sikuwahi kuisoma mpaka mwisho. Nilisoma mpaka jina letu. Nisomee. Kwa sauti, pole pole, jina moja moja. Anza chini, anza na Rushlow.

Na nikinyamaza... usiache. Soma tu.